Kwenu wazazi ambao watoto wenu wamewekwa mkondo wa chini

Wanangu, nyinyi mliokwisha kuwa wazazi,

Nimefundisha hisabati sekondari kwa miaka 31, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo kazi ya kuwapanga wanafunzi kwenye mikondo, yaani madarasa ya juu na ya chini kwa alama, ilipitia mikononi mwangu. Kila ulipofika wakati wa kupanga, wazazi walinijia na sura ile ile: mtoto kawekwa mkondo wa chini, nyumbani usingizi hauji. Sasa nimestaafu na hakuna orodha inayonisubiri mezani, basi naweza kusema niliyokuwa nikiyameza nilipokuwa kazini.

Kwanza mjue orodha ile inavyozaliwa. Ni mtihani mmoja, mara nyingi wa asubuhi moja, na alama zinapangwa kutoka juu kwenda chini. Mwaka mmoja darasa la mkondo wa juu lilikuwa na viti 35. Nilihesabu majina mpaka la 35, nikaweka rula, nikapiga mstari. Wa 35 alikuwa na alama 61. Wa 36 naye alikuwa na 61. Nikatazama herufi za kwanza za majina yao, na alfabeti ikaamua. Sikuona vibaya siku ile, nilikuwa na madarasa mengine ya kupanga kabla kengele haijalia. Yule wa 36 alikaa chini ya mstari wangu miaka miwili, na sina hakika kama kuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba kilichomweka pale ni viti.

Mtihani huo unapima yale ambayo mtoto amekwisha kufundishwa vizuri mpaka asubuhi ile. Aliyefundishwa hesabu za sehemu, kama nusu na robo, kwa haraka na mwalimu aliyekuwa akihama ataanguka kwenye sehemu, na aljebra yote itaanguka naye, kwa kuwa aljebra inasimama juu ya sehemu. Pia kuna jambo la umri ambalo wazazi wachache hulifikiria. Katika darasa moja, mtoto mmoja anaweza kumzidi mwenzake karibu miezi 12. Tafiti za nchi mbalimbali zimeona kwamba waliozaliwa karibu na mwisho wa mwaka wa usajili, yaani wadogo kwa umri darasani, huwa wengi kupita kiasi kwenye makundi ya chini. Pengo hilo hupungua kadiri wanavyokua, lakini mpango uliofanywa mapema unaweza kubaki palepale.

Wapo watakaowatuliza kwa kusema mkondo ni jina tu. Mimi sitawaambia hivyo. Hofu yenu ina msingi, ila mara nyingi imeelekezwa pasipo pake. Mnaogopa aibu ya herufi iliyo mlangoni mwa darasa. Mngeogopa zaidi kile kinachofundishwa ndani. Nimeona mikondo ya chini ikipewa mwalimu mgeni kila mwaka, mada ngumu zikirukwa "kwa sababu hawa hawataziweza", na mazoezi yakiwa ya kunakili ubaoni. Mtoto anayekaa hapo miaka miwili hubaki nyuma kweli, halafu watu husema, mnaona, tulimpanga sawa.

Kuna mahali ambapo mtoto wa chini amewekewa dari asiloweza kulivuka, na limeandikwa waziwazi. Uingereza, mtihani wa hisabati wanaoufanya wakiwa na miaka 16 una ngazi mbili. Anayefanya ngazi ya chini hawezi kupita daraja la 5 hata akipata maswali yote, na madaraja yanafika 9. Kwa hiyo kundi analowekwa mtoto miaka kadhaa kabla linaweza kuamua karatasi atakayoletewa. Shule nyingi kwingineko zina dari la namna hiyo bila kuliandika popote. Wala si lazima iwe hivyo: Ufini walifuta makundi ya uwezo katika shule zao za lazima mwaka 1985, na masomo hayakuharibika.

Halafu kuna macho ya mwalimu. Mwaka 1968 Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya katika shule moja ya msingi huko California. Waliwaambia walimu kwamba watoto fulani walikuwa karibu kuchanua kiakili. Majina yale yalikuwa yamechaguliwa kwa bahati nasibu. Mwisho wa mwaka, hasa katika darasa la kwanza na la pili, watoto hao walikuwa wamewazidi wenzao. Wataalamu wamebishana sana juu ya ukubwa wa athari hiyo, nami sitaki kuikuza. Ila najua nilivyokuwa mimi. Mwanafunzi wa mkondo wa juu akikosea, nilimuuliza amefikaje hapo. Wa mkondo wa chini akikosea, nilimpa jibu, nikaendelea.

Sasa tuje nyumbani, ambako mimi mwenyewe nilikosea. Binti yangu aliporudi na habari kwamba yuko mkondo wa tatu, swali langu la kwanza lilikuwa: "Wa kwanza wamo nani?" Alinitajia majina matatu, akaingia chumbani. Tangu siku hiyo hakunionyesha daftari lake la hisabati muhula mzima, mimi baba yake, mwalimu wa hisabati. Nilikuja kulikuta chini ya godoro. Kurasa zilikuwa zimefutwa na kufutwa mpaka karatasi imetoboka. Alikuwa akijaribu peke yake, usiku, swali lile lile.

Basi nawasihi, mtoto akileta habari hiyo msimuulize juu ya wengine. Muulizeni leo wamefundishwa nini, akuonyesheni. Na maneno ya kilaza na kipanga yasivuke kizingiti cha nyumba, hata kwa utani wa kaka na dada. Mtoto wa miaka 13 huyashika maneno hayo kama jina lake la pili.

Shuleni, msianze na "mhamisheni". Nimewahamisha watoto kwa sababu mzazi alipiga kelele, na baadhi yao walizama, kwa kuwa pengo lao halikuzibwa, walibadilishiwa mlango tu. Ulizeni mambo mawili, na msiondoke bila jibu. Mada zipi zinazofundishwa mkondo wa juu hazifundishwi huku? Na mpango utaangaliwa upya lini, kwa kipimo gani? Shule inayojibu kwa tarehe na kwa alama mnaweza kuiamini hata kama leo mtoto yuko chini. Ikijibu "tutaona", andikeni barua, ombeni kukutana na mwalimu wa somo, rudini tena. Kwa heshima, lakini rudini. Katika miaka yangu, mtoto ambaye mzazi wake alirudi mara ya tatu tulimwangalia kwa makini zaidi kuliko wengine. Haikuwa haki kwa wasio na wa kuwarudia, na kwa hiyo mkienda ulizeni kwa niaba ya darasa lote.

Nanyi ambao watoto wenu wako juu, waangalieni pia. Wapo waliokuwa wakijiamini kabisa mpaka walipoketi kati ya wakali watupu, wakaanza kujiona hawawezi, ilhali alama zao ni nzuri.

Mkienda kwenye kikao, chukueni daftari la mtoto. Fungueni ukurasa wenye makosa mengi, muwekeeni mwalimu mbele yake, na mumwombe akuonyesheni kosa linaanzia mstari gani. Mwalimu atainama asome. Nyakati hizo nilipoinama mimi, ndipo nilipomwona mtoto, na mara kadhaa ndipo nilipotoa kalamu nikabadilisha orodha.

Wenu,
Mwalimu mstaafu