Tuonyeshwe hesabu ya kinu kabla ya kuombwa mtaji

Ndugu Mhariri,

Nilihudhuria mkutano mkuu wa wanahisa wa kampuni ndogo ya kuchimba dhahabu ambamo nina hisa chache. Karibu muda wote bodi ilieleza ukata wa fedha na kutuomba tuidhinishe hisa mpya. Habari za uzalishaji zilikuja mwishoni kabisa, watu wakiwa wameanza kukusanya makaratasi yao.

Tuliambiwa uzalishaji umeshuka kwa sababu fedha hazipo. Yawezekana. Lakini yawezekana pia kwamba fedha hazipo kwa sababu mtambo hautoi unachopaswa kutoa, na maradhi hayo mawili hayana dawa moja. Tuchukue mgodi unaosaga tani 100 za mbale, yaani mawe yenye dhahabu, kwa siku, kila tani ikiwa na gramu 4 za dhahabu. Uchenjuaji, yaani kazi ya kutenganisha dhahabu na mawe yaliyosagwa, ukipata asilimia 90 ya dhahabu hiyo, ni gramu 360. Ukipata asilimia 70, ni gramu 280, na zile 80 zinaishia kwenye marudio, yaani mabaki yanayotupwa baada ya uchenjuaji, ilhali mishahara, dizeli na kemikali zimelipwa vilevile. Mwamba mtupu ukichanganyika na mbale, hasara huanza hata kabla mawe hayajafika kinuni. Mwenyekiti alitutajia tani zilizosagwa tu, na mwanahisa aliyeuliza kuhusu mengine aliahidiwa jibu la maandishi.

Nalisisitiza hili kwa kuwa gharama ya hisa mpya tunaibeba sisi. Mwenye asilimia 1 ya hisa milioni 100 hubaki na nusu asilimia pindi hisa nyingine milioni 100 zinapouzwa kwa wengine. Njia mbadala iliyotajwa, yaani mkopo wa kulipwa kwa dhahabu ambayo bado imo ardhini, hainiondolei wasiwasi, maana uzalishaji ukiyumba deni la gramu halipungui.

Sipingi kuongeza mtaji; mgodi usio na pampu wala vipuri hauchimbi. Naomba tu hisa hizo zitolewe kwanza kwa wanahisa waliopo, kwa uwiano wa hisa zao, na kabla ya hapo tupewe, kwa kila mwezi wa mwaka uliopita, tani zilizosagwa, gramu kwa tani, asilimia iliyopatikana, na saa ambazo kinu kilisimama na sababu zake. Kura imeahirishwa kwa wiki tatu. Meneja wa mgodi anayejua kazi yake anazo takwimu hizo mezani, na kuzinakili hakuhitaji mtaji mpya.

Mwanahisa mdogo