Jumamosi tukutane na Tingatinga

Habari za jioni ndugu zangu,

Wiki hii nimezama kwa mchoraji Edward Said Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru. Alianza kuchora mwaka 1968 hapa Dar, akafariki 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne tu! Kila nikihesabu naumia.

Kilichonishika zaidi ni vifaa vyake. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alichukua hadibodi, ile ya kupigia dari, na rangi ya mafuta inayopakwa baiskeli. Kwa hiyo michoro inang'aa hadi leo. Tazameni picha ya chui niliyoituma hapo juu: mnyama mmoja, nyuma rangi moja tupu, na kila doa limewekwa kwa ncha ya brashi, moja moja, bila haraka. Kuzeni picha muone ukingo wa doa ulivyoinuka.

Michoro iliuzwa Morogoro Stores, eneo la maduka Oysterbay, hapa hapa Dar. Wanafunzi wake na warithi wao wangali wanachora hapohapo.

Twende huko Jumamosi saa nne asubuhi. Atakayekuja aniandikie kabla ya Ijumaa, nipange usafiri. Wenye watoto waje nao, tafadhali.