Basi la shule likifika Gede saa sita, limechelewa

Mhariri,

Ratiba ya ziara za shule Pwani tunaijua kwa moyo: asubuhi nguzo ya Vasco da Gama Malindi, saa sita magofu ya Gede, mji wa kale wa Waswahili, kwa nusu saa, kisha mbio Watamu kuogelea. Tunawaomba walimu waipindue. Gede iwe ya kwanza, lango likifunguliwa tu, na ipewe saa mbili na nusu.

Katika msitu unaozunguka magofu mna sange mwenye makalio ya manjano, mnyama mdogo mwenye pua ndefu wa misitu michache ya pwani ya Kenya, hasa Arabuko-Sokoke hapo jirani. Hutafuta wadudu mchana chini ya majani makavu, lakini watoto sitini wakiingia kwa kishindo, hapatikani. Wagaweni makundi ya 12, wachutame kando ya njia dakika kumi bila neno. Majani yakichakurwa, yakanyamaza, yakachakurwa tena, huenda ni yeye. Akishtuka hupiga mkia chini. Mara nyingi hawatamwona, na si hoja. Kiota chake, lundo la majani juu ya ardhi, kinatosha kwa mazungumzo.

Kima, kinyume chake, watawafuata wenyewe. Chakula kibaki ndani ya basi, vioo vimefungwa. Mtoto anayempa kima ndizi leo anamfundisha kumpokonya mwenzake kesho, na kuumwa na kima ni safari ya hospitali.

Kwenye magofu, hotuba kuhusu karne ya 15 haikai kichwani. Wapeni kazi. Kila kundi lipime nyumba moja kwa vipimo vya wazee: shubiri (kiganja kilichotanuliwa) mbili ni dhiraa, dhiraa nne ni pima. Wataona urefu wa vyumba unatofautiana sana, ila upana haubadiliki mno, kama pima moja na nusu. Waulizeni sababu kabla ya kuwaambia: dari ililala juu ya boriti za mikoko, na boriti ndefu kupita hapo ingepinda kwa uzito wa mawe na chokaa. Hapo hesabu, historia na msitu wa mikoko vimekutana bila mwalimu kutoa jasho.

Kaburi lenye tarehe nalo ni somo. Mwaka 802 Hijria, zidisha kwa 0.97, ongeza 622: inakaribia 1400. Mwaka wenyewe ni 1399. Halafu wabishane: Wareno walifika Malindi 1498, mwendo wa kilomita 15 hivi, mbona hawakuuandika mji huu? Swali hili lina faida kuliko hadithi za mashetani wanazolishwa watoto hapo.

Kupanda kuta ni mwiko, na waelezwe kwa nini. Lipu ya juu ikipasuka, mvua huingia kati ya mawe ya matumbawe, chokaa hulegea, mizizi hufuata. Kwenye visima asimame mtu mzima, si kiranja.

Bahari nayo? Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, Watamu huwa imekupwa asubuhi na hujaa alasiri. Watoto wanaopelekwa ufuoni saa nne hukuta miamba mitupu na mashokoro, basi likiwasubiri kuwapeleka Gede juani.

Waelekezi wa ziara za shule,
Kilifi