Mafundi wa Lamu na deni la mtaa

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wenzangu wenye karakana za useremala na uashi hapa Lamu kwamba kurudisha fadhila kwa mtaa si lazima kuwe kwa fedha. Tangu Mji Mkongwe uingizwe katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, kuchonga milango na kukarabati nyumba za mawe ya matumbawe kumetupatia riziki, ilhali wajane na wazee wanaoishi humo humo hawamudu hata kupiga lipu ya chokaa ukuta unaobomoka. Karakana ikitenga siku moja kwa mwezi kwa nyumba za namna hiyo, na kutumia mbao zinazosalia kazini (ambazo, tukiri, mara nyingi huishia jaani), haitafilisika.

Vilevile tuwapokee vijana wajifunze bila kuwadai wazazi wao ada; mimi nilifunzwa kushika patasi na fundi aliyenilisha chakula cha mchana, wala hakuniuliza senti. Lakini kijana akishaanza kuzalisha alipwe ujira, kwani kumtumikisha bure miaka mitatu kisha kujiita mfadhili ni dhuluma.

Fundi seremala,
Mkomani, Lamu.