Jino lililonyamaza lenyewe halijapona

Wateja wengi hutufikia hapa kliniki ya meno na hadithi ileile: jino liliuma wiki nzima, wakaweka mafuta ya karafuu, likanyamaza, wakarudi kwenye biashara zao sokoni Kirumba Mwaloni, Mwanza. Miezi kadhaa baadaye shavu limevimba. Kilichopita hapo katikati utakielewa ukijua jino limeundwaje.

Ule weupe unaouona kwenye kioo ni enameli. Mwilini hakuna kitu kigumu kuishinda. Takribani asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Lakini haina damu wala mishipa ya fahamu, na seli zilizoitengeneza hutoweka jino likishachomoza. Ndiyo maana tundu halijizibi. Wapo wanaotuuliza kama kula dagaa kwa wingi kutalifukia. Dagaa kuleni, wana kalsiamu nzuri, hasa kwa mtoto ambaye meno yake bado yanajengeka ndani ya taya. Ila tundu lililokwisha kutoboka haliwajui dagaa. Doa jeupe la mwanzo wa uozo, kabla ya tundu, hilo ndilo mate na dawa ya meno yenye floraidi vinaweza kuliponya.

Chini ya enameli ipo dentini, ya manjano kidogo na laini zaidi, yenye vijitundu vidogo mno vinavyoelekea ndani. Bakteria wakila sukari hutoa asidi, nayo huyeyusha enameli polepole. Uozo ukifika kwenye dentini hukaza mwendo, na soda baridi huanza kukushtua. Yule mdudu wa meno anayesimuliwa mitaani hayupo, tungekwisha mkamata.

Katikati kabisa kuna kiini, nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu inayoingilia kwenye ncha ya mzizi. Kikishambuliwa huvimba, ila kimezungukwa na kuta ngumu, hakina pa kutanukia. Ndiyo yale maumivu ya usiku, yanayozidi ukilala kwa sababu damu huelekea zaidi kichwani. Kiini kikifa, maumivu hukata, mtu akashukuru Mungu. Kumbe bakteria wanateremka kwenye mzizi hadi mfupa wa taya, na usaha unajikusanya.

Uozo ukiwa haujafika kwenye kiini, kwa kawaida tunaziba siku hiyohiyo. Ukishafika, tunapiga eksirei, tunasafisha mizizi na kuijaza. Magego ya chini mara nyingi yana mizizi miwili, ya juu mitatu, ndiyo maana kazi huchukua muda. Kung'oa nako kupo, ila kwa maoni yetu watu huomba kung'olewa mapema mno, hasa wanaotoka kisiwani Ukerewe wasiotaka kuvuka tena kwa ajili ya jino moja. Tuambieni mapema mnakotoka, tupange kazi kwa ratiba ya kivuko.

Kuhusu mzizi wenyewe: umefunikwa na sementi (si ya ujenzi, ni tabaka jembamba gumu la jino lenyewe), na nyuzi hai huushikilia kwenye mfupa. Hivyo jino la mtu mzima likichomoka zima, tuseme kwa ajali ya bodaboda, lishike upande wa kutafunia, usilisugue mzizi, litumbukize kwenye maziwa na uje ndani ya saa moja. Nyuzi zikiwa hai, linaweza kushika tena. La utotoni halirudishwi, lakini mlete mtoto tumwangalie.