Barafu inayoelea na barafu ya nchi kavu ni vitu viwili, na tuandikieni pia inavyopimwa

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Dodoma. Naandika kuhusu ile habari yenu ya barafu ya Ncha ya Kaskazini, ile iliyosema barafu ya baharini inazidi kupungua na ikiisha yote basi bahari itapanda mpaka imeze miji ya pwani. Habari imesambaa sana huku kwetu, nimeikuta kwenye magrupu ya WhatsApp ya walimu na ya wazazi, watu wanatishana nayo, na wengine wanauliza sasa sisi wa Dodoma tulioko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari hayo mambo yanatuhusu nini. Naomba nafasi niyajibu yote mawili.

Kwanza kuna kosa pale na lirekebishwe. Barafu ya baharini ni maji ya bahari yenyewe yaliyoganda, inaelea, kwa hiyo ikiyeyuka usawa wa bahari haubadiliki ila kidogo mno. Mimi nafundisha jiografia sekondari na hili huwa tunalifanya darasani, unachukua glasi unaweka bonge la barafu la kununua dukani, unajaza maji mpaka ukingoni kabisa, chini unatandika karatasi kavu, halafu mnasubiri. Kwa jua la Dodoma la mwezi wa kumi hamsubiri sana. Wanafunzi wanainama macho yakiwa sawa na ukingo wa glasi, barafu inakwisha yote, karatasi bado kavu. Glasi ya pili unaweka jiwe refu linalotokeza juu ya maji na bonge unaliweka juu ya jiwe, hapo likiyeyuka maji yanamwagika mpaka kwenye daftari za watu. Hiyo ya pili ndo barafu ya nchi kavu, ya kisiwa cha Greenland kule kaskazini na bara la Antaktika kule kusini, ndo inayopandisha bahari, pamoja na maji yenyewe kutanuka yakipata joto. Mkichanganya hizi mbili kwenye kichwa cha habari msomaji anaogopa kitu kisicho cha kuogopa na kukiacha kilicho cha kuogopa.

Sasa isije ikaonekana nasema barafu ya baharini haina maana, ina maana kubwa sana tu. Ikiwa na theluji juu inarudisha angani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua, wakati bahari tupu inarudisha chini ya asilimia 10, kwa hiyo ikipungua bahari inameza joto zaidi na barafu inazidi kupungua. Halafu maji ya bahari yakiganda, ambayo ni kwenye nyuzi kama 1.8 chini ya sifuri, chumvi nyingi haibaki ndani ya barafu, inasukumwa nje, maji ya chini yanakuwa mazito kwa chumvi na baridi yanazama. Yale yanayozama pembeni mwa Antaktika yanatambaa sakafuni mwa bahari kuja kaskazini mpaka Bahari ya Hindi, yanapita mashariki mwa Madagaska na kuingia bonde la chini ya bahari la Somalia. Yaani ukishusha kipimajoto kilometa nne tano chini ya bahari huku Afrika Mashariki, maji ya huko yana baridi ya nyuzi moja hivi, na baridi hiyo haijatoka hapa. Kwa hiyo anayesema mambo ya huko hayafiki kwetu, yanafika, ila yanakuja polepole na kwa njia ya chini.

Lakini kilichonifanya niandike hasa ni kwamba habari ile haikusema hata mstari mmoja watu wanajuaje hizo namba. Nani kaenda kupima, kapima na nini? Na hapo ndo penye utamu wote.

Chukueni habari ya mpelelezi na mwanasayansi Fridtjof Nansen wa Norwe. Mwaka 1881 meli ya Marekani iliyoitwa Jeannette ilipondwa na barafu kaskazini mwa Siberia, na mwaka 1884 mabaki yake yakaokotwa kusini magharibi mwa Greenland, upande wa pili kabisa. Nansen akasema kumbe barafu yote inatembea, akatengeneza meli Fram yenye tumbo la mviringo ili barafu ikiibana iinyanyue badala ya kuiponda, akaiingiza kwenye barafu kwa makusudi mwaka 1893, ikagandia humo ikabebwa mpaka 1896 ilipotokea upande wa visiwa vya Svalbard, kaskazini mwa Norwe. Karibu miaka mitatu meli ndo chombo cha kupimia! Na humo akaona barafu haiendi moja kwa moja na upepo, inakata kulia kwa nyuzi 20 mpaka 40, na Vagn Walfrid Ekman wa Uswidi akaja kuonyesha kwa hesabu kwamba ni sababu ya dunia kuzunguka. Huku kusini mwa ikweta maji ya juu yanakata kushoto mwa upepo, na hilo liko mpaka kwenye bahari yetu.

Siku hizi wanatumia maboya yanayogandishwa juu ya barafu na kutuma mahali yalipo kwa setilaiti, lakini maboya hayasemi maji ya chini yanaendaje. Kwa hayo wanashusha kamba ndefu yenye vyombo, chini imefungwa uzito, na mara nyingi uzito wenyewe ni magurudumu chakavu ya treni, mazito na bei poa (sisi wa mji wa reli hilo tunalielewa haraka). Kwenye kamba kuna chombo kinachopiga sauti majini, sauti inagonga vidudu na chembe zinazobebwa na maji na kurudi ikiwa mlio wake umepanda au umeshuka kidogo, kwa mabadiliko hayo wanajua maji yanakuja au yanaondoka na kwa kasi gani. Kingine kinatazama juu na kupiga sauti kwenye tumbo la barafu ili kujua imezama kiasi gani. Shida ni kwamba kamba haiwezi kufika juu, barafu yenye matuta yanayoning'inia chini makumi ya mita ingeikwanyua, kwa hiyo data zinakaa ndani ya chombo mwaka mzima au miwili mpaka meli irudi, itume mlio wa siri kwenye kufuli la chini, kufuli liachie magurudumu, kamba ipande. Ikipanda chini ya barafu basi kazi ya kuitafuta inaanza. Na karibu na ncha ya sumaku dira inayumba, kwa hiyo hata kujua mkondo unaelekea wapi ni kazi ngumu. Watu wamekaa kwenye baridi na giza kwa ajili ya hizi namba, tuwaheshimu kwa kuzieleza vizuri.

Eneo la barafu linapimwa na setilaiti zinazopokea mawimbi ambayo barafu na maji vinatoa vyenyewe, mawingu hayazuii wala usiku wa miezi, na kumbukumbu hizo zimeendelea bila kukatika kwa kiasi cha maana tangu mwishoni mwa 1978. Hapo ndo tunajua kwamba Septemba 2012 barafu ya kaskazini ilishuka mpaka kilometa za mraba milioni 3.4 hivi, na mpaka naandika haijashuka chini ya hapo. Gazeti lenu limeandika kana kwamba kila mwaka inavunja rekodi, sio kweli, inapanda na kushuka ila kwa ujumla inaenda chini. Kusini nako kwa miaka mingi ilikuwa haipungui, halafu 2023 majira ya baridi ikafika kama milioni 17 tu, pungufu kwa karibu milioni moja kuliko rekodi ya chini ya majira hayo iliyowekwa 1986. Tanzania nzima haifiki kilometa za mraba milioni moja, kwa hiyo mnaona ukubwa wa pengo.

Unene ndo mgumu zaidi. Setilaiti ya CryoSat-2 iliyorushwa 2010 inatumia rada, na ICESat-2 ya 2018 inatumia mwanga wa leza, zote zinapima sehemu ya barafu iliyo juu ya maji, ambayo ni kama moja ya kumi tu, halafu wanazidisha, kwa hiyo ukikosea sentimita chache juu umekosea nusu mita kwenye unene, na theluji ikikaa juu mambo yanazidi kuwa magumu. Msomaji akielezwa hivyo atajua kwa nini namba ya eneo inaaminika kuliko ya unene.

Kuhusu mvua zetu naomba pia msiongeze chumvi. Sisi ni mikoa ya msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili, na kinachotikisa mvua hizo kwa karibu ni joto la Bahari ya Hindi na El Niño, mwaka 1997 kwenda 1998 wote tunaukumbuka. Mkulima wa mtama wa Chamwino au wa zabibu Hombolo akiambiwa ukame wake umeletwa na barafu ya Ncha ya Kaskazini atadanganywa. Ncha zinagusa hali ya hewa ya dunia nzima kwa muda mrefu, msimu wa mwaka huu auangalie kwenye utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA).

Na kuna jambo la 2025 sijaliona kwenye gazeti lolote la Kiswahili. Idara ya ulinzi ya Marekani ilitangaza itaacha kutoa data za setilaiti zake ambazo wapimaji barafu walizitegemea kwa miaka mingi, baadaye ikasogeza tarehe mbele, na kituo cha huko Colorado kinachotunza takwimu kikaanza kuhamia setilaiti ya Japani. Hii ni habari kubwa jamani. Shule ikipima mvua miaka 40 halafu ikaacha misimu miwili, kile kitabu hakina tena thamani ileile, na pengo haliwezi kujazwa baadaye kwa sababu mvua iliyopita imepita. Barafu ni hivyohivyo.

Ombi langu ni mchapishe masahihisho, na Septemba ijayo, mwezi ambao kaskazini barafu inafika chini kabisa na kusini inafika juu kabisa, mtupe namba zote mbili ukurasa mmoja na mseme zimepimwaje. Mkihitaji mtu wa kuzungumza naye hamna haja ya kwenda mbali, Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Zanzibar, na hapa tuna Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Wanafunzi wangu wanakata kurasa zenu na kuzibandika ukutani darasani, na hiyo ya barafu nimewaambia tusubiri kwanza masahihisho.

Mwalimu wa jiografia,
Dodoma