Wale tembo wa Enduimet

Ndugu yangu,

Meseji yako nimeisoma mara tatu, pale uliposema "nyie Watanzania mnatuulia ndovu wetu" nilikasirika, sikufichi, alafu nikatulia nikaona hili jambo halijibiwi kwa meseji. We unamwita ndovu mi namwita tembo ila mnyama ni yule yule, leo yuko hifadhi ya Amboseli anakunywa maji kwenu Kenya, kesho kashapita ushoroba wa Kitendeni, ile njia ya wanyama ya kuvukia, yuko huku Longido, na hajui kwamba kwenu uwindaji ulipigwa marufuku 1977 na huku ni halali ukiwa na kibali.

Haya, tuje kwenye hayo mauaji uliyoniandikia. Kuanzia Septemba 2023 hadi miezi ya mwanzo ya 2024 tembo madume wasiopungua watano walipigwa risasi na wawindaji upande wetu wa Enduimet, eneo la wanyamapori la vijiji vya huku Longido, na kabla ya hapo karibu miaka 30 ilipita madume wale hawaguswi, sababu watu wa pande zote mbili walielewana katikati ya miaka ya 1990 kwamba wale wa mpakani waachwe. Haikuwa sheria, ni kuelewana tu. Sheria yetu ya uwindaji inataka jino la tembo lifike kilo 20 au urefu wa sentimita 160, na kati ya waliouawa walikuwepo wenye meno yanayokaribia kilo 45 kila moja, kwaio kwenye makaratasi hakuna kosa.

Kilichoninyima usingizi ni mizoga. Iliripotiwa kwamba mizoga ilichomwa moto. Sasa we fikiria, watafiti wa Amboseli tangu mwenzao Cynthia Moss alipoanza utafiti 1972 wanawafahamu tembo wale mmoja mmoja, wanajua nani mtoto wa nani, na wanawatambua kwa masikio, ile mipasuko na mishipa, kila tembo ana yake. Sikio likishaungua nani atakwambia huyu alikuwa nani? Mtu aliyefanya jambo halali kwa kibali chake anachoma nini? Hilo swali naliuliza kila siku na sijapata wa kunijibu.

Ila usidhani napinga kila mwindaji. Nimeona shamba la mahindi limelala chini lote kwa usiku mmoja, mama wa watu kakaa pembeni hana hata machozi, na ile hela ya vitalu vya uwindaji kuna mahali ndo inalipa askari wa wanyamapori na kujenga darasa, kwaio mtu wa mjini akisema uwindaji ufutwe kesho asubuhi namuuliza hao askari watalipwa na nani. Ninachokataa ni hiki cha mpakani. Tembo wa Amboseli amezaliwa anaona magari, magari yanasimama mita chache watu wanapiga picha wanaondoka, hajawahi kuona ubaya kwenye gari. Anavuka huku gari linasimama vile vile, ye anaendelea kula majani, anapigwa. Hapo mwindaji kawinda nini? Hakufuata nyayo, hakuhangaika na upepo, mnyama hata hakukimbia. Mi kwangu huko ni kumsaliti aliyekuamini.

Alafu kuna hii hoja ya kwamba dume mzee hana kazi tena, hiyo inaniudhi sana. Dume akishapita miaka 35 ndo kwanza anaingia kwenye umri wa kuzaa hasa, majike wenyewe wanawataka hao wakubwa. Na vijana wanajifunza adabu kwao. Kule hifadhi ya Pilanesberg, Afrika Kusini, walipeleka tembo wadogo bila wazee, walipobalehe wakaua vifaru zaidi ya 40 miaka ya 1990, wakaja kutulia mwaka 1998 walipoletewa madume sita wakubwa kutoka hifadhi ya Kruger. Kwaio ukitoa watano kwenye kundi la wakubwa wachache vile umewaachia vijana ukoo bila wazee.

Sasa nina ombi. We uko karibu, ukipita Amboseli waulize wale watafiti ni madume gani hawajaonekana tangu ile Septemba. Moto umefuta masikio ila haujafuta daftari lao. Niandikie majina hata kama ni mawili tu, nataka siku nikikaa na wazee wa kijiji huku niwatajie aliyekufa alikuwa nani na ana miaka mingapi.

Nisalimie nyumbani wote, na shangazi mwambie nitakuja.

Ndugu yako wa ng'ambo ya mlima